Tai wa Philadelphia, Ndovu wa Tabora

Tarehe 21 Aprili 1909 meli ya Kijerumani iitwayo Admiral ilifika Mombasa ikiwa na abiria ambaye, mwezi mmoja na nusu tu nyuma, alikuwa bado Rais wa Marekani. Theodore Roosevelt alikuja kuwinda, pamoja na mwanawe Kermit na wataalamu waliokusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian. Alizunguka Kenya, akapita Uganda, akateremka na Mto Nile hadi Khartoum. Habari za simba na ndovu aliowapiga zimesimuliwa sana. Kinachosahaulika ni kwamba mtu huyohuyo ndiye aliyeshikilia serikali yake iachane na sarafu ambazo sura yake ilimchukiza, na ipige sarafu za dhahabu ambazo hadi leo wakusanyaji wa dunia nzima wanazigombania.

Kwa msomaji wa Bujumbura habari hii ina uzito wake. Miaka saba baada ya Roosevelt kushuka Mombasa, ilipigwa Tabora sarafu nyingine ya dhahabu, yenye ndovu aliyeinua mkonga mbele ya milima. Ilitolewa na serikali ya koloni la Wajerumani ambalo Urundi ilikuwa sehemu yake, na Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, ilikuwa kituo chake kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Wakusanyaji wa New York, London na Berlin wanaijua vizuri. Sisi tulio wajukuu wa watu waliotawaliwa kwa fedha hiyo tunaijua kidogo mno, na hilo ndilo linaloniuma na kunifanya niandike.

Tuanze na Marekani. Mwishoni mwa 1904 Roosevelt alimlalamikia waziri wake wa fedha kuhusu ubaya wa sarafu za nchi, kisha akamwendea mchongaji mkubwa wa wakati ule, Augustus Saint-Gaudens. Wote wawili walizipenda sarafu za Ugiriki ya kale, ambazo picha zake zimeinuka juu ya bamba kiasi kwamba ukizipapasa gizani unaweza kuutambua uso. Wakataka sarafu ya dola 20 iwe hivyo. Saint-Gaudens alikuwa mgonjwa wa saratani, naye alifariki tarehe 3 Agosti 1907 kabla sarafu yake haijaingia mikononi mwa watu. Upande mmoja alimweka mwanamke anayekuja mbele, mwenge mkono mmoja na tawi la mzeituni mkono mwingine, miale ya jua nyuma yake. Upande wa pili tai anaruka juu ya jua linalochomoza.

Kazi ilikuwa nzuri, na iliwatesa watu wa kiwanda cha fedha cha Philadelphia. Picha iliyoinuka namna ile haikutoka kwa pigo moja la mashine. Kila sarafu ilihitaji mapigo kadhaa, na mabenki yakalalamika kuwa hazipangiki vizuri. Zilipigwa elfu 12 hivi za namna hiyo, zenye mwaka ulioandikwa kwa tarakimu za Kirumi, kisha mchongaji mkuu wa kiwanda, Charles Barber, akaibapa picha ili kazi iende. Maneno ya kumtegemea Mungu hayakuwekwa mwanzoni, kwa kuwa Roosevelt aliona kuandika jina la Mungu kwenye fedha ni kulivunjia heshima. Bunge halikukubaliana naye, na mwaka 1908 likayarudisha.

Sarafu hii ina uzito wa gramu 33.436 na upana wa milimita 34, na dhahabu yake ni sehemu 900 katika 1,000. Pembezoni kuna nyota ndogo, moja kwa kila jimbo. Hadi 1911 ni nyota 46. Kuanzia 1912 zikawa 48, kwa sababu Arizona na New Mexico zilikuwa zimeingia katika muungano. Anayeuziwa sarafu ya mwaka 1910 yenye nyota 48 ajue ameletewa ya bandia. Hesabu kama hiyo mtu anaweza kuifanya kwa lenzi ya bei ndogo, na imewaokoa wengi.

Kisha ukaja mwaka 1933. Mabenki yalikuwa yakifungwa, watu wakawa wanaficha dhahabu majumbani, na rais mwingine wa ukoo huohuo, Franklin D. Roosevelt, tarehe 5 Aprili akatoa amri namba 6102: raia wairudishe dhahabu serikalini, wapewe noti. Sarafu adimu za wakusanyaji ziliachwa, lakini nyingine ziliingia tanuruni kwa mamilioni na kugeuka matofali ya dhahabu. Mwaka uliofuata bei ya wakia ikapandishwa kutoka dola 20.67 hadi 35. Raia wa Marekani hawakuruhusiwa tena kumiliki dhahabu kwa uhuru mpaka siku ya mwisho ya mwaka 1974.

Sasa, ikiwa ziliyeyushwa kwa wingi namna hiyo, mbona bado zipo nyingi sokoni? Jibu ni kwamba zilizosalimika kwa wingi ni zile zilizokuwa zimekwisha kuondoka. Mabenki ya Ulaya yalikuwa yamelipwa kwa dhahabu ya Marekani, na yaliposikia amri ya 1933 hayakuirudisha. Mifuko ilikaa katika vyumba vya chini vya Uswisi na Ufaransa hadi baada ya Vita vya Pili, ndipo zikaanza kurudi kidogo kidogo kwa wafanyabiashara wa New York. Mkusanyaji anayejisifia dola 20 ya 1924 aliyoinunua Marekani huenda ameshika kitu kilicholala Zurich miaka thelathini.

Kisa kikubwa kuliko vyote kinahusu Afrika moja kwa moja. Mwaka huohuo wa 1933 kiwanda kilikuwa kimepiga dola 20 zipatazo 445,500, na hakuna hata moja iliyotolewa rasmi kwa watu. Chache zikachopolewa. Moja ilinunuliwa na Mfalme Farouk wa Misri, aliyekusanya kila kitu chenye thamani, na mapema mwaka 1944 serikali ya Marekani yenyewe ikampa kibali cha kuitoa nchini kabla haijatambua kwamba sarafu hiyo haikupaswa kuwa nje. Farouk alipinduliwa mwaka 1952. Mwaka 1954 mali yake ilipigwa mnada Cairo na kampuni ya Sotheby's, lakini sarafu hiyo ikaondolewa mnadani kwa ombi la Marekani, na ikapotea. Mwaka 1996 ilijitokeza katika hoteli ya Waldorf Astoria, New York, mikononi mwa mfanyabiashara wa sarafu kutoka Uingereza, ambaye alikamatwa papo hapo. Kesi ikamalizika kwa makubaliano, na mwaka 2002 ikauzwa kwa dola milioni 7.59. Ndani ya bei hiyo zilikuwamo dola 20 zilizolipwa hazina ya Marekani ili sarafu ihesabiwe kuwa fedha halali. Mwaka 2021 ikauzwa tena, kwa dola milioni 18.9.

Dhahabu hiyo ya Marekani haikuwahi kuwa fedha ya watu wa Ziwa Tanganyika. Kilichofika huku kutoka Marekani ni nguo. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa Unguja tangu mwanzoni mwa karne ya 19; mkataba wao na Sayyid Said ulitiwa saini mwaka 1833, na marekani, kitambaa cheupe cha pamba, ikawa ndiyo fedha ya njia ya misafara hadi Ujiji. Stanley, aliyetumwa na gazeti la New York kumtafuta Livingstone, alisafiri na marobota ya nguo, shanga na nyaya za shaba. Novemba 1871 wawili hao walifika kwa mtumbwi hadi Mugere, kusini kidogo ya Bujumbura, pale ambapo jiwe la ukumbusho lipo hadi sasa. Walinunua chakula kwa nguo na shanga. Katika soko la Ujiji shanga fulani ndogo zilihesabiwa na kutungwa kama chenji ya sokoni, na chumvi ya Uvinza ilisafiri pande zote za ziwa. Milimani kwetu utajiri ulikuwa ng'ombe, na jembe la chuma liliweza kulipia mambo mazito.

Hata hivyo asifikiri mtu kwamba Waswahili hawakujua sarafu ya dhahabu. Kilwa, iliyosimamia biashara ya dhahabu ya Sofala, ilipiga sarafu zake za shaba kwa karne kadhaa, na mwaka 1991 zilitangazwa kitaalamu sarafu tatu za dhahabu zenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala Kilwa Ibn Battuta alipopita mwaka 1331. Ni tatu tu. Huwa nikifikiri juu ya sarafu hizo tatu najiuliza ni ngapi zilizogeuzwa vipuli na bangili pwani nzima. Baadaye sana, mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, Sayyid Barghash wa Unguja alipigiwa riale za jina lake huko Ubelgiji, za fedha na chache za dhahabu. Ya dhahabu ya riale 5 leo ni ndoto ya kila mkusanyaji wa sarafu za Afrika Mashariki.

Wajerumani walipoingia walikuta rupia ya India ndiyo inayotawala pwani, wakaamua kuifuata badala ya kupambana nayo. Kuanzia 1890 kampuni yao ya Afrika Mashariki ilitoa pesa za shaba zenye herufi za Kiarabu upande mmoja, na rupia za fedha zenye Kaiser Wilhelm wa Pili amevaa kofia ya chuma yenye tai. Mwaka 1904 serikali yenyewe ikachukua kazi hiyo: rupia moja ikawa na hela 100, na rupia 15 zikafungwa sawa na mark 20. Mwaka 1905 ikaanzishwa benki ya koloni na noti zake. Rupia hizo ndizo zilizofika Usumbura pamoja na maduka ya Wahindi na Waarabu, biashara ya ngozi na mishahara ya askari.

Vita vilipoanza Agosti 1914, koloni lilikatwa na dunia. Manowari za Waingereza zilifunga pwani, na hakuna meli iliyoweza kuleta sarafu kutoka Berlin. Serikali ikachapa noti za dharura kwenye karatasi yoyote iliyopatikana, lakini watu hawakuzipenda. Askari, mpagazi na mwuza mtama walitaka fedha inayolia ikigongwa jiwe. Rupia za fedha zikafukiwa chini ya vitanda, na kadiri zilivyofukiwa ndivyo noti zilivyodharauliwa. Gavana Heinrich Schnee alikuwa amehamishia ofisi zake Tabora, katikati ya reli ya kati iliyofika Kigoma mwaka 1914. Hapo ndipo wakaamua kujipigia sarafu wenyewe katika karakana ya reli.

Kwanza zilitoka za shaba, za hela 5 na hela 20, zenye herufi T chini ya taji au mwaka, T ya Tabora. Za hela 20 zilipigwa zaidi ya milioni moja, kwa shaba ya njano na shaba nyekundu, na kwa haraka: taji kubwa hapa, dogo pale, herufi zikikaa mkao mmoja leo na mwingine kesho. Hizi hazina bei kubwa, na ndizo ambazo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuanza nazo. Mimi nazipenda kuliko nyingine zote, kwa sababu ndizo zilizopita mikononi mwa watu sokoni.

Kisha ikaja ya dhahabu. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, Iramba, kaskazini mashariki ya Tabora. Mhandisi wa reli aitwaye Vogt ndiye anayetajwa kuwa alichora picha, na sonara Msinhala, mtu wa Ceylon, ndiye anayesimuliwa kuwa alichonga muhuri wa chuma. Upande mmoja kuna tai wa Ujerumani na maneno ya koloni pamoja na thamani, rupia 15. Upande wa pili ndovu amesimama ameinua mkonga, nyuma yake Kilimanjaro, na chini mwaka 1916 na herufi T. Ukiitazama kwa lenzi utaona kazi ya mkono: ngozi ya ndovu imechorwa mikunjo, lakini uso wa bamba una mawimbi madogo ambayo Berlin isingeyaruhusu. Kasoro hizo hazipunguzi kitu. Sanaa ya Saint-Gaudens ilihitaji rais, waziri na kiwanda kikubwa. Ya Tabora ilifanywa na fundi wa mikufu na watu wa reli, adui akiwa njiani kutoka pande tatu.

Uzito wake ni gramu 7.168, na dhahabu yake ni 750 katika 1,000, yaani karati 18. Hapa pana jambo ambalo anayepima atalifurahia. Mark 20 ya Berlin ilikuwa na gramu 7.168 za dhahabu tupu ndani yake. Rupia 15 ya Tabora, iliyopaswa kuwa sawa nayo, ilikuwa na uzito huohuo kwa jumla, lakini dhahabu tupu ndani yake ni gramu 5.376. Aliyeipokea kwa thamani iliyoandikwa alipokea upungufu wa robo. Hata hivyo aliipokea kwa furaha kuliko noti.

Zilipigwa 16,198 kwa jumla, juu kidogo ya kilo 116 zikiwekwa zote kwenye mizani. Ziko za aina mbili. Katika aina moja, ncha ya pambo la upande wa tai inaishia chini ya T ya neno OSTAFRIKA. Hizo ni 9,803. Katika nyingine inaishia chini ya A. Hizo ni 6,395. Muhuri mmoja ulichakaa wakachonga mwingine, na mkono wa fundi haukuweza kurudia kazi yake sawasawa. Linganisha na zile elfu 12 hivi za Saint-Gaudens zilizoinuka za mwaka 1907: kwa idadi, sarafu ya Tabora haiko mbali na ile inayosifiwa magazetini kuwa ya wafalme.

Wakati sarafu hizo zikipigwa, Urundi ilikuwa ikibadilisha mabwana. Mwami Mutaga alifariki Novemba 1915, na Desemba mtoto mdogo, Mwambutsa wa Nne, akawekwa kitini. Juu ya ziwa, Waingereza walikuwa wameleta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, zilizovutwa nchi kavu kutoka kusini, na kati ya Desemba 1915 na Februari 1916 wakaiteka meli Kingani na kuizamisha Hedwig von Wissmann. Jeshi la Kongo ya Wabelgiji lilivuka Rusizi. Tarehe 6 Juni 1916 likaingia Usumbura, siku chache baadaye Gitega, mwisho wa Julai Kigoma, ambako Wajerumani walikuwa wameizamisha wenyewe meli Graf von Götzen, ile iliyofufuliwa ikaitwa Liemba. Tarehe 19 Septemba Tabora ikaanguka, na karakana haikutoa tena sarafu. Mwaka 1917, wakiwa wanakimbia porini, Wajerumani walichapa noti kwa mihuri ya mpira. Noti hizo nazo zina wakusanyaji wake.

Dhahabu ilikwenda wapi? Iliondoka na watu waliokuwa na mifuko na safari: maofisa wa Kijerumani waliopelekwa kizuizini, maofisa wa Kibelgiji na Kiingereza walioinunua au kuichukua kama ukumbusho wa ushindi, wafanyabiashara walioijua thamani yake. Ndiyo sababu ukiitafuta leo utaikuta kwenye minada ya Ujerumani, Uswisi na Marekani kwa dola elfu kadhaa, na huku ziwani ni nadra hata mtu kuisikia ikitajwa. Njia yake inafanana mno na ile ya dola 20 za Marekani: iliyobaki nyumbani iliyeyuka, iliyovuka mpaka ikaishi. Tofauti ni kwamba Wamarekani walikuwa na uwezo wa kuzinunua zao zikarudi.

Wabelgiji walileta faranga ya Kongo, na dhahabu ikatoweka katika fedha za nchi kwa karibu miaka hamsini. Ilipojitokeza tena ilikuwa kwa sababu nyingine. Julai 1960 Katanga ilijitenga na Kongo chini ya Moïse Tshombe, na mwaka 1961 ikatoa faranga 5 za kawaida zenye mkungu wa ndizi na msalaba wa shaba, ule uliokuwa fedha ya kale ya nchi hiyo. Picha hiyohiyo ikapigwa pia katika dhahabu ya gramu 13.33, sarafu 20,000. Nchi yenyewe haikumaliza Januari 1963 salama, lakini sarafu zake zipo.

Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962, na sarafu za dhahabu zikatolewa zikiwa na sura ya Mwambutsa wa Nne, yuleyule aliyewekwa kitini akiwa mtoto miezi michache kabla ya ndovu wa Tabora. Zilikuwa za faranga 10, 25, 50 na 100, dhahabu ya 900 kwa 1,000, na ile ya 100 ina gramu 32 hivi, karibu sawa na dola 20 ya Marekani kwa mkono. Cha kushangaza ni hiki: katika mwaka ulioandikwa juu ya sarafu hizo, Burundi haikuwa bado na faranga yake. Mtu wa Buyenzi au Bwiza aliyekwenda sokoni mwaka 1962 alilipa kwa faranga ya simba ya benki ya pamoja ya Rwanda na Burundi, iliyoendelea hadi 1964, ndipo ikaanzishwa Benki ya Ufalme wa Burundi. Kwa hiyo dhahabu ilitangulia shaba. Ilitengenezwa ng'ambo kwa ajili ya wakusanyaji wa ng'ambo, ili kutangaza jina la nchi mpya.

Nyingine zilifuata mwaka 1965 kuadhimisha miaka 50 ya utawala wake. Julai 1966 mwanawe, Ntare wa Tano, akamwondoa. Novemba 28 ya mwaka huohuo Micombero, aliyekuja kuwa rais, akaiondoa enzi yenyewe, na mwaka 1967 Jamhuri nayo ikatoa dhahabu yenye sura ya rais wake. Mwambutsa alifariki Uswisi mwaka 1977, ugenini pamoja na sehemu kubwa ya sarafu zake. Majirani walifanya vivyo hivyo: Rwanda mwaka 1965, Kenya mwaka 1966 kwa kumheshimu Kenyatta, Uganda mwaka 1969 kwa ziara ya Papa Paulo wa Sita. Nyingi ya sarafu hizi zinauzwa leo kwa bei ya dhahabu iliyomo tu, au juu yake kidogo. Mwenye kutaka kukusanya historia ya ukanda huu angali ana nafasi, ingawa nafasi hiyo inapungua kila bei ya wakia inapopanda, kwa sababu muuzaji akiona bei ya kuyeyusha inakaribia bei ya mkusanyaji, huchagua tanuru.

Na Bujumbura inayajua matanuru. Kwa miaka mingi, hasa tangu miaka ya 1990, dhahabu ya Kamituga, Misisi na Fizi imekuwa ikivuka Uvira na Gatumba kuingia mjini. Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimeandika hayo mara kwa mara. Burundi nayo ina wachimbaji wake wadogo, Cibitoke na Muyinga. Sonara wa hapa ana jiwe lake la kupimia, chupa za asidi na mizani ndogo, na kazi yake ni kuuliza karati na gramu. Ukimpelekea rupia 15 ya Tabora atakuambia kweli: karati 18, gramu 7 na kidogo. Bei atakayokupa ni ya pete ya ndoa. Simlaumu, kazi yake ni dhahabu. Lakini kitu alichokiyeyusha hakitarudi, na kingeweza kulipa ada za watoto kwa mwaka mzima kama kingepata mnunuzi anayekijua.

Za bandia ni nyingi. Dola 20 za Marekani zimeigizwa kwa ustadi mkubwa. Kuna mfanyaji mmoja asiyejulikana jina aliyetia alama ndogo mno ya herufi ya Kigiriki, omega, kwenye zile za 1907 zilizoinuka, na wataalamu walidanganyika mpaka alama hiyo ilipogunduliwa. Ndovu wa Tabora naye ameigizwa, mara kwa dhahabu kweli ya karati nyingine, mara kwa shaba iliyopakwa rangi. Mizani ndiyo hakimu wa kwanza. Isipofika gramu 7, au ikipita 7.3, usitoe fedha. Pili tazama T na A. Anayeiga kutokana na picha ya mtandaoni mara nyingi hajui hata kwamba kuna aina mbili.

Kuna nyumba za Buyenzi, kama zilivyo za Ujiji, Tabora na Uvira, ambamo babu aliacha kikopo chenye rupia, hela zilizotobolewa, faranga za simba, pengine na riale. Ninawaomba wenye vikopo hivyo mambo mawili tu. Msizisugue kwa ndimu na majivu, maana rangi ya zamani ikiondoka thamani huondoka nayo, na msizitoboe kuzifanya kidani. Kisha andikeni kwenye karatasi ilikotoka kila moja: nani aliileta, kutoka wapi, alilipwa kwa kazi gani. Makumbusho ya Taifa ya Gitega, yaliyoanzishwa mwaka 1955, ni mahali pa kuanzia kwa anayetaka kuonyesha kabla ya kuuza. Na ikitokea kwamba chini kabisa ya kikopo kuna ndovu wa njano, chukua lenzi, igeuze upande wa tai, utazame ncha ya pambo imeishia chini ya herufi gani.